Kijitaa Kilichoacha Kukonyeza

Mama Kitambaa alikuwa na vitambaa vitatu, na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Cha bluu kilikuwa cha madirisha. Cha mistari kilikuwa cha meza na mabenchi ya wagonjwa. Cha tatu, alichokikata mwenyewe kutoka kwenye flana ya marehemu mume wake, kilikuwa cha kompyuta ya chumba cha kadi, na hicho hakikuguswa na maji hata tone. Alikikunja mara nne, akakiweka kwenye mfuko wa kifuani wa aproni yake kama mtu anayeweka miwani. Miaka kumi na tisa alikuwa amefagia na kupiga deki katika kliniki ile ya akina mama na watoto, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye faili tu.

Kioo cha kompyuta kilikaa juu ya meza, na mashine yenyewe, chuma kikubwa, ilikaa chini. Nyuma ya mashine, mahali pasipofikiwa na mtu ila yule anayepiga magoti kufuta vumbi, palikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, kisanduku kile kilianza kukonyeza kijitaa cha kijani. Kilikonyeza, kikapumzika, kikakonyeza tena. Mama hakujua kinamkonyeza nani wala kwa nini, lakini mtu akikukonyeza kila siku miaka yote hiyo, utamnyamazia?

"Haya, nimekuona," alikiambia, kisha akaendelea na vumbi lake.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu hakijakonyeza. Mama alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Ilianza siku ya Ijumaa. Alikuwa amepitisha kitambaa nyuma ya mashine kwa haraka kuliko kawaida yake, kwa sababu usiku wote hakulala, binti yake alikuwa hospitalini. Kitambaa kikanasa kwenye waya. Akakinasua taratibu, akautazama ule waya, akauona uko palepale. Saa mbili ikafika, kijitaa kimya. Jumatatu, kimya. Kila asubuhi alipiga magoti akakitazama, na kila asubuhi aliinuka magoti yakiwa mazito zaidi. Nimekiua, alijiambia. Nimekiua kwa mkono wangu.

Basi Jumatatu ya wiki hiyo ya tatu, mabenchi yamejaa akina mama na watoto wao, daftari la chanjo likakataa kufunguka. Hilo halikuwa daftari la karatasi. Lilikuwa ndani ya kompyuta, na humo ndimo ilimoandikwa kila sindano aliyochomwa kila mtoto aliyewahi kuletwa pale. Wakabonyeza, likafunguka limejaa alama zisizosomeka. Wakaitwa wakubwa. Fundi wa kompyuta akakichomoa kile kisanduku cheusi kwenye waya wake, akakipeleka ofisini kwa Sista Mkuu akisome huko kwa waya mwingine. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa kijivu.

Huyo fundi alikuwa mkwe wa Mama Kitambaa. Alimwoa binti yake wa pekee, na watatu hao walikaa nyumba moja ya vyumba viwili. Alikuwa bado kwenye mwaka wake wa majaribio, imebaki miezi miwili aandikwe kazi ya kudumu.

"Nakala ya mwisho ya daftari iliyokamilika kisandukuni ni ya Jumatano, karibu wiki tatu zilizopita," alisema kwa sauti ndogo.

"Wiki tatu!" Sista Mkuu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miguu inayouma, na miguu ikimuuma, maneno yake nayo yaliuma. "Watoto mia nne wamepita hapa wiki tatu hizi. Nani atajua nani kachomwa nini?"

"Kadi zao wanazo nyumbani, Sista."

"Kadi! Nusu zimelowa mkojo na nusu zimetafunwa na hao watoto wenyewe." Akageuka kuwatazama wote waliosimama chumbani. "Mimi najua kilichotokea. Kuna mtu anaichomoa mashine hii ukutani. Kliniki niliyotoka, mfagiaji alikuwa anaichomoa ya kwetu achemshe maji ya chai. Fundi, ikichomolewa ghafla si inaharibika?"

Fundi akalamba midomo. "Inaweza, Sista. Lakini—"

"Ni mimi," alisema Mama Kitambaa.

Wote wakamgeukia. Hata mtoto aliyekuwa analia dirishani alivuta pumzi.

"Sijachomoa chai," alisema Mama, na maneno yakamtoka kombokombo kwa hofu. "Nilikuwa nafuta vumbi. Kitambaa kikanasa. Tangu hapo kijitaa hakikonyezi. Ni mimi, Sista."

"Na ukakaa kimya wiki tatu?"

"Niliogopa."

Sista Mkuu akafumba macho, akayafumbua. "Nenda nyumbani, Mama Kitambaa. Kabidhi vitu. Nitakuita nikishaandika ripoti."

Mama akamtupia jicho mkwe wake. Fundi alikuwa anatazama sakafu, ile sakafu aliyoipiga deki Mama asubuhi ile, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Kukabidhi kulichukua nusu saa. Mtunza stoo alitaka sahihi kwa kila kitu: funguo nne, buti za mpira jozi moja, aproni mbili, ndoo, fagio la ndani, fagio la nje.

"Fagio la nje limebaki kijiti," alisema mtunza stoo.

"Nilipewa likiwa hivyo hivyo."

"Mama, naandika tu ninachokiona."

Mama akatia sahihi, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasani, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Getini mlinzi akasimama. Walikuwa wakinywa chai kikombe kimoja na mlinzi huyo, wakigawana mkate.

"Niwie radhi, dada yangu. Nimeambiwa nitazame mfuko."

"Tazama."

Akatoa chupa ya maji, kitana, na kitambaa kilichokunjwa mara nne. "Hiki ni cha kliniki?"

"Cha mume wangu," alisema Mama. "Tena ni flana yake. Unataka nikuonyeshe na kwapa ilipokuwa?"

Mlinzi hakucheka. Alikirudisha kitambaa mfukoni taratibu kwa mikono miwili.

Nyumbani, binti yake alikuwa amelala kwa ubavu kwenye kochi, tumbo la miezi saba mbele yake, anashona vifungo vya sare za shule. Daktari alikuwa amemkataza cherehani tangu siku ile ya maumivu. Aliposikia habari, sindano ilimchoma kidole.

"Mama! Mtu hajakushika, hajakutaja, unajitaja mwenyewe?"

"Nilikuwa nimechoka kubeba."

"Na mume wangu alikuwepo? Alisema nini?"

"Alikuwa na kazi zake," alisema Mama, akaingia jikoni.

Fundi alirudi jua likiwa bado juu ya mabati ya jirani. Aliweka mkate mezani, akamsalimia mkewe, akaenda bombani uani akanawa mikono. Akainawa tena. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo, anatoa mawe madogo na kuyarusha pembeni moja moja.

"Ngozi itatoka, mwanangu," alisema.

Akafunga bomba. Akageuza ndoo, akakalia kitako chake mbele ya mkwewe, magoti yake marefu yakamfika kidevuni.

"Mama, wewe hukuvunja kitu."

"Kitambaa kilinasa. Nilikuwepo."

"Ulipitisha kitambaa Ijumaa. Nakala ilikuwa imeshasimama tangu Alhamisi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Niliisimamisha mimi."

Mkono wa Mama ukatulia juu ya mchele. "Nieleze. Lakini nieleze kama unavyomweleza mtu aliyeishia darasa la saba."

Fundi akafikiri. "Ndani ya mashine kuna kazi za mbele, zile tunazoziona kwenye kioo. Na kuna kazi za nyuma. Zinaanza zenyewe mashine ikiwaka, zinafanya shughuli zao, hakuna anayezitazama. Mojawapo ni hiyo ya kunakili daftari kila asubuhi na kulitia kwenye kisanduku. Nikiiambia simama, inasimama. Haigombi. Inakaa hapo inasubiri niiambie endelea."

"Hata kulalamika hailalamiki?"

"Hata kidogo. Ndiyo ubaya wake."

"Na kwa nini uliisimamisha?"

"Alhamisi ile foleni ilifika getini, watoto wanaungua na jua. Mashine ilikuwa nzito, kila kadi dakika tano. Nikasema niisimamishe hii ya nakala, ambayo ilikuwa haijamaliza, tupumue, mchana nitaiwasha tena. Saa sita ukanipigia simu."

Mama aliikumbuka simu ile. Binti yake chini, ameshika mguu wa meza ya jikoni, na yeye anabonyeza namba, anakosea, anaanza upya.

"Nilikimbia na kalamu mkononi," alisema Fundi. "Ijumaa nilikuwa naye hospitalini. Jumatatu niliporudi, mashine inakwenda, foleni inakwenda, kichwa kimejaa yeye. Leo nilipofungua kisanduku ndipo nikakumbuka. Nilitaka kusema, Mama. Nilifungua mdomo, nikakuta hauna mate."

Kutoka ndani walisikia cherehani ikigeuzwa gurudumu mara moja, kisha ikanyamaza, kama mtu aliyekumbuka katazo la daktari. Mama akachagua jiwe jingine, akalitazama, akalirusha.

"Basi nyamaza vivyo hivyo."

"Mama!"

"Nyamaza. Mimi nimekula chumvi ya kutosha, wakinifukuza nitamlea mjukuu. Wewe wakikukatia mwaka wako hapa ulipofika, nani atakuandika kwingine? Na huyo aliye ndani atakula vifungo? Nimeshasema ni mimi."

"Sitaweza kula kwenye meza moja na wewe."

"Utakula. Njaa ikizidi, utakula." Akaupeta ungo mara mbili, mapumba yakaruka. Kisha akauliza bila kumtazama, "Na ile ya kuchomoa? Sista alisema mbele za watu kwamba ninachomoa mashine."

"Hukuchomoa. Mashine yenyewe inajua. Inahesabu tangu ilipowashwa, siku, saa na dakika. Ikizimwa, hata umeme ukikatika kidogo, hesabu inaanza upya. Ukiiuliza, inakwambia imekaa macho muda gani. Niliiuliza leo kabla ya kutoka. Siku sitini na tatu, tangu nilipoibadilishia feni."

"Sitini na tatu?"

"Bila kufumba jicho."

Mama akauweka ungo chini. Akachukua upindo wa nguo yake akajifuta uso, kwanza jicho moja, halafu la pili. Hakulia alipotia sahihi stoo, wala getini hakulia. "Miaka yote hii," alisema, "napiga deki kuizunguka ile mashine kama unavyopita karibu na mtoto aliyelala. Halafu mtu aniambie nachomoa nichemshe chai." Akavuta pua. "Nataka kuiona hiyo hesabu."

"Utaiona."

"Mimi tu. Sitamwambia mtu. Nikishaiona inatosha."

Asubuhi yake waliingia getini pamoja, lakini Mama hakuwa na funguo, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kusubiri chumba cha kadi kifunguliwe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulikalia. Alilipitishia kiganja chini, akakuta pipi iliyoganda, akaona haya kana kwamba wageni wameikuta nyumbani kwake.

"Bibi, mjukuu yuko wapi?" aliuliza mama mmoja mwenye mapacha.

"Bado yuko tumboni."

"Basi yeye kawahi foleni kuliko sisi sote!"

Wakacheka benchi zima, na Mama naye akajikuta anacheka.

Fundi akamwita. Akamvutia kiti chake mwenyewe, kile chenye magurudumu, ambacho Mama alikuwa amekifuta mara elfu na hajawahi kukikalia. Akainama juu ya bega lake, akaandika neno moja fupi, akabonyeza. Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo.

"Soma hapo, Mama."

Mama akasogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa, maana alama za vidole alikuwa akizifuta yeye. Akasoma kwa sauti ya darasani, kila tarakimu peke yake. "Sita. Nne. Siku sitini na nne." Akageuka. "Jana ulisema sitini na tatu."

"Imeongeza ya leo."

"Nini hicho cha sitini na nne?"

Sista Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemeza mkono kwenye fremu kupumzisha mguu. Mama akaruka kutoka kwenye kiti, kiti kikakimbia na magurudumu yake mpaka ukutani.

"Ni siku ambazo mashine imekaa bila kuzimwa, Sista," alisema Fundi. "Inajihesabu yenyewe. Hakuna aliyeichomoa. Si Mama, si mtu mwingine. Daftari huweza kuharibika lenyewe, ndiyo maana tunaweka nakala."

Sista Mkuu akaja, akavaa miwani, akautazama mstari ule kwa muda mrefu. "Basi la kuchomoa nilikosea," alisema. "Nisamehe kwa hilo, Mama Kitambaa. Lakini nakala ilisimama. Kwa nini ilisimama?"

Hapo Fundi angeweza kuishia. Mama tayari alikuwa amesema ni kitambaa, Sista tayari alikuwa ameamini. Mama akasogea karibu na mkwe wake, akamkanyaga kidole cha mguu, akakikandamiza kwa uzito wake wote.

Fundi hakuuondoa mguu. Aliandika neno jingine. Ikatokea orodha ndefu, kazi za nyuma zote, moja moja, kila moja na hali yake: inafanya kazi, inafanya kazi, inafanya kazi. Akaishuka mpaka kwenye moja iliyoandikwa imesimamishwa. Pembeni yake palikuwa na tarehe ya Alhamisi ile, saa tano na dakika ishirini asubuhi, na jina la aliyeisimamisha.

Sista Mkuu akalisoma jina. Akamtazama mwenye jina.

"Foleni ilikuwa ndefu, mashine nzito, nikaisimamisha," alisema Fundi. "Mchana mke wangu akaugua, nikakimbia, nikaisahau. Jana nilinyamaza, Mama akabeba. Hiyo ya kunyamaza ndiyo mbaya zaidi, Sista."

"Huyu mtoto hasikii," Mama aliiambia meza.

"Iwashe," alisema Sista Mkuu.

Fundi akakichukua kisanduku cheusi kilichokuwa juu ya meza tangu jana, akakichomeka kwenye waya wake, akakirudisha nyuma ya mashine. Akaandika, akabonyeza. Kwenye orodha ikaandikwa: inafanya kazi. Wote watatu wakainama kuchungulia nyuma.

Kijitaa kimya.

Fundi akabonyeza tena. Kimya. "Haiwezekani," alisema. Akaanza kutazama kioo, akaandika hiki, akaandika kile. Sista Mkuu akahema.

Mama Kitambaa alikwisha piga magoti. Hakutazama kisanduku. Alifuata waya kwa vidole, polepole, kutoka kwenye kisanduku mpaka upande wa pili, pale unapoingia kwenye mgongo wa mashine, mahali kitambaa kilipokuwa kimenasa Ijumaa ile. Ulionekana umeingia. Akausukuma kwa kidole gumba. Ukasogea, ukalia *tik*.

Kijitaa cha kijani kikakonyeza.

Kisha Mama akasema akiwa bado chini ya meza, "Kumbe na mimi nilikuwemo."

"Kwa hiyo hata kama Fundi angeiwasha," alisema Sista Mkuu taratibu, "isingenakili, kwa sababu ya waya. Na hata kama wewe usingeugusa waya, isingenakili, kwa sababu ya Fundi." Akavua miwani. "Sasa barua ya onyo nimwandikie nani?"

"Tuandikie moja tu, Sista," alisema Mama. "Tunakaa nyumba moja."

Sista Mkuu akaweka mkono mdomoni. Mabega yake yakatikisika, na aliyapa muda yatulie kabla ya kusema tena. "Wewe Fundi, mwaka wako wa majaribio naurefusha miezi sita, na barua utaipata. Kadi za watoto hao mia nne zinaingizwa upya, moja moja, kadiri mama zao wanavyozileta. Wewe utaandika. Anayesoma awe mtu mwenye subira." Akamtazama Mama, aliyekuwa anainuka kwa kushika mguu wa meza. "Ukishamaliza deki. Kachukue funguo zako stoo."

"Na fagio jipya la nje?"

"Usinijaribu, Mama Kitambaa."

Akatoka akichechemea. Nje wakamsikia akiwaambia akina mama watoe kadi, hata zilizotafunwa.

Fundi alikuwa bado amesimama, mikono inaning'inia. Miezi sita zaidi. Angemwambia mkewe jioni ile, yeye mwenyewe, kabla hajanawa mikono. "Kidole kinauma, Mama," alisema.

"Kitapona. Ulikuwa hunisikii, ikabidi."

Akakifuata kiti mpaka ukutani, akakirudisha, akamkalisha. Kisha akatoa mfukoni kile kitambaa cha flana, akapiga magoti tena, akafuta vumbi lililokuwa limekusanyika kwa siku moja tu nyuma ya mashine, akiuzunguka waya kwa mbali.

Kijitaa kikakonyeza, kikapumzika, kikakonyeza.

"Haya," alikiambia. "Nimekuona."

Mlangoni yule mama wa mapacha alikuwa tayari ameingia, kadi mbili zimeng'atwa pembeni. Mama akajifuta mikono, akazipokea, akaisogeza ya kwanza kwenye mwanga, akaanza kusoma, herufi moja moja, na mkwe wake akaandika.